Nguvu ya Mawimbi Si Uwazi wa Sauti

Katika redio za ridhaa anayekusikia hukupa tarakimu mbili. Ya kwanza, toka 1 hadi 5, yahusu kueleweka kwa maneno yako; ya pili, toka 1 hadi 9, ni nguvu ya mawimbi yanayomfikia. Hayo ni mambo mawili mbali mbali. Mtambo wa Kampala waweza kuvuma Bujumbura kwa nguvu ya 9, na maneno yasishikike.

Ubovu mwingi huanzia kwenye kipaza sauti. Mwenye mtambo hukifungulia mno akidhani atafika mbali, kumbe sauti inapasuka na kuwamwagikia wengine walio masafa ya jirani. Mazungumzo yahitaji nafasi ya kilohezi 3 hivi tu. Vokali zina nguvu, lakini konsonanti, zilizo dhaifu, ndizo zitenganishazo maneno. Zikizama, “tumefika” husikika “tumepika”. Sauti nzito ya kupendeza masikio haisaidii hapo.

Wala tusitosheke kuuliza “wanisikiaje?” Kwa adabu mwenzetu atajibu “tano tisa”, katika mashindano karibu kila mtu hupewa hiyo hiyo! Siku mafuriko yamekata simu, na idadi ya majeruhi yatakiwa hospitali, adabu hiyo itatuponza. Tumsomee majina na tarakimu asizozijua, aziandike, kisha atusomee alichoandika. Akikosea, tupunguze kipaza sauti, tukisogeze mbali kidogo na mdomo, turudie tena.