Kipimo Kisichomjua Mzee wa Kilimani

Anayetaka kujua ni wazee wangapi wa Gitega na Muyinga, nchini Burundi, waliopungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri asianzie kwenye daftari la hospitali. Mwenye malaria huenda kituo cha afya kwa miguu yake, na aliyevunjika mguu hubebwa. Lakini bibi wa miaka 78 anayeuliza swali lile lile mara nne kabla maharage hayajaiva hapelekwi popote, kwa kuwa nyumbani wameshajijibu: ni uzee huo. Daftari likiwa tupu, wakubwa wa afya huona hakuna tatizo. Pasipo tatizo, muuguzi hafundishwi kulitambua. Na asipofundishwa, daftari litaendelea kuwa tupu. Ninachodai ni kwamba maradhi haya yapo vilimani kwa wingi kuliko tunavyokubali, na kwamba hata tukiamua kuyahesabu, idadi tutakayoipata itakuwa na maana pale tu maswali yatakapokuwa yametungwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani.

Kusahau jina la jirani kisha likakujia jioni si ugonjwa. Ipo hali ya katikati, ambapo kumbukumbu imeshuka kuliko kawaida ya umri huo, lakini mtu bado anajipikia, anauza ndizi zake na kurudisha chenji bila kukosea. Wengi wa hali hii hawazidiwi, na baadhi hurudi sawa. Halafu kuna dimenshia, ambapo akili imepungua hadi shughuli za kila siku zinamshinda mtu: anasahau sufuria motoni, anapotea njia ya kisimani aliyoipita miaka 50. Duniani, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa na dimenshia mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtafiti anayechanganya hali hiyo ya katikati na dimenshia anaweza kutoa takwimu yoyote aitakayo.

Kwa ukanda wetu, hesabu iliyofanywa kwa uangalifu zaidi ni ya wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 6, wakawahoji watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Hawakuishia kwenye maswali. Walioonekana kuwa na dalili, pamoja na baadhi ya walioonekana wazima, walichunguzwa upya na madaktari, na ndugu zao wakaulizwa mzee ameanza lini kubadilika na ni kazi gani zinazomshinda sasa. Baada ya kurekebisha takwimu kwa umri, dimenshia ilikutwa kwa asilimia 6.4, yaani karibu mzee 1 katika kila 16. Hesabu iliporudiwa huko Hai mwaka 2018 na 2019, dimenshia ilikutwa kwa asilimia 8.9 ya wenye umri huo, ingawa tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kuiapia. Watu wa Hai ni wakulima wa migomba na kahawa wanaoishi mlimani, na maisha yao hayako mbali sana na ya Gitega.

Sasa tazama Ankole, kusini magharibi mwa Uganda, karibu zaidi na Burundi kuliko Hai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapima watu 400 wenye miaka 60 na zaidi, na asilimia 20 wakaonekana kuwa na dalili za dimenshia. Je, wazee wa Ankole wanaugua mara tatu zaidi ya wa Hai, tena wakiwa na umri mdogo zaidi? Sioni sababu ya kuamini hivyo. Ankole walitumia dodoso fupi la mchujo, na mchujo hunasa wengi, wakiwemo walioishia kukosa majibu kwa sababu ya uziwi, huzuni au kutosoma. Hai waliongeza daktari. Sehemu kubwa ya pengo hilo imetokana na namna ya kupima.

Kutosoma ndiko kunakopotosha zaidi. Kipimo maarufu kuliko vyote, kilichotungwa Marekani mwaka 1975 na kuwa na alama 30, humtaka mtu aandike sentensi, atoe 7 kutoka 100 mara kadhaa mfululizo, na anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana. Mpe kipimo hicho mwanamke wa Muyinga aliyezaliwa miaka ya 1940, wakati shule zilikuwa chache, za misheni, na zilijaa wavulana. Hajawahi kushika kalamu. Ataanguka mtihani, kisha arudi nyumbani kugawa urithi wa watoto 8 bila kusahau shina hata moja la kahawa. Kwa ajili ya watu kama yeye, watafiti wa Hai walitengeneza kipimo kingine kiitwacho IDEA. Mzee anawekewa njiti za kiberiti zilizopangwa kwa umbo fulani, naye anazipanga za kwake vivyo hivyo. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasikilizishwa maneno 10 na baadaye anaulizwa anakumbuka yapi. Anaombwa aseme daraja ni kitu gani, na kiongozi wa kijiji chake ni nani. Hakuna kalamu wala karatasi.

Kuna wanaosema Waafrika hawaugui sana maradhi haya, na hawasemi hivyo bila ushahidi. Utafiti wa mwaka 1995 uliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wenye miaka 65 na zaidi, ulikuta dimenshia kwa asilimia 2.29 Ibadan na 8.24 Indianapolis. Presha na mlo huenda ni sehemu ya maelezo. Nyingine ni kwamba mahali penye huduma haba mgonjwa hufa mapema, na maiti haihesabiki kwenye sensa ya wagonjwa. Hata tukikubali kwamba Waafrika walikuwa na kinga fulani, haitadumu presha na kisukari vikizidi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kuwa Afrika Mashariki itakuwa na wagonjwa zaidi ya mara nne mwaka 2050 kuliko mwaka 2019. Na Burundi ina mzigo wake: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 alipita mauaji ya mwaka ule, kisha vita vilivyoanza 1993. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2020 zilionyesha kuwa walioathirika akili kwa matukio ya kutisha wanakabiliwa na hatari kubwa zaidi ya dimenshia baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wazee Burundi ni wachache, dawa ya kuponya haipo, basi kuhesabu kuna faida gani? Wenye miaka 65 na zaidi hawafiki 4 katika kila watu 100, ni kweli. Lakini si kila aliyechanganyikiwa ana Alzheimer, dimenshia isiyo na tiba. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende ya muda mrefu na huzuni nzito huiga dalili zake, na hutibika. Huko Hai, vikundi vya wagonjwa waliokutanishwa kwa mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuamsha akili, mara 14 kwa muda wa wiki 7, vilionyesha nafuu bila kidonge. Isitoshe, kwetu kumbukumbu ya mzee ni hati. Ugomvi wa mpaka ukifika mbele ya bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, anayesema ua la minyaa lilipandwa na nani ndiye anayeamua nani alime. Shahidi aliyechanganyikiwa bila mtu kujua anaweza kumnyima mjane shamba. Na bibi anayezurura usiku akisema maneno yasiyoeleweka, katika jamii inayoogopa uchawi, anahitaji sana jina la ugonjwa wake lijulikane.

Hata hivyo kipimo cha Hai hakiwezi kubebwa kilivyo. Mashambani kinahitaji Kirundi. Katika mitaa ya Waislamu mjini Muyinga na kwa wakimbizi wa Kongo walioko kambi ya Gasorwe, kinahitaji Kiswahili. Umri wenyewe utatafutwa kwa matukio: Mwanamfalme Rwagasore alipouawa Oktoba 1961, ulikuwa umeolewa? Na lile swali jepesi la kiongozi wa kijiji lina mtego wake Burundi. Mzee aliyekaa ukimbizini Tanzania miaka mingi akarudi juzi anaweza kulikosa jina la mkuu wa kilima kwa sababu hajamjua bado. Swali hilo libadilishwe, au aulizwe kwanza amerudi lini.