Malisho Nayo Yapewe Pumziko

Wanaomtwika mfugaji lawama za kueneza jangwa wangelitafakari kwanza neno moja la Kimaasai: olopololi. Ni malisho ya karibu na boma, yaliyotengewa ndama na mifugo dhaifu. Kundi kubwa hupelekwa mbali ili nyasi zichipue. Waborana wa Isiolo nao wana dheda, eneo ambalo wazee huamua palishwe wapi wakati wa mvua na pahifadhiwe wapi kwa ajili ya kiangazi.

Mzimbabwe Allan Savory alipata sifa kwa kufundisha kwamba mifugo ilishwe kwa pamoja, kisha ihamishwe. Wataalamu wangali wanayabishania madai yake. Hata hivyo, kuhamisha mifugo si jambo geni kwetu.

Lililo geni ni ua. Sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za vikundi. Baadaye nyingi za Kajiado zikagawanywa vipande vipande. Je, mwenye kipande ahamie wapi? Hana budi kununua majani, na hapo kujitegemea kwake kumekwisha. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaruhusu umiliki wa pamoja. Na itumiwe, olopololi isije ikasalia kamusini tu.