Maumivu Sugu na Kilo Zinazoongezeka: Si Uvivu, Jamani

"Umenenepa siku hizi, bumu limekukubali!" Utani huu tunarushiana kila siku kantini, na wengi wetu tunacheka yanaisha. Lakini wapo wenzetu wanaoishi na maumivu ya mgongo, magoti au viungo miezi nenda miezi rudi, na kwao maneno hayo yanachoma. Kwamba wameongezeka wanajua. Tusichojua wengi ni kwa nini.

Kitaalamu, maumivu huitwa sugu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Katika muda huo mwili unabadilika, na uzito unaingia kwa zaidi ya mlango mmoja.

Mlango wa kwanza ni mwendo. Mwenye goti bovu hapandi ghorofa ya tatu bila sababu, na safari ya dakika 10 kwa miguu anaikatia bodaboda. Misuli isiyofanya kazi inasinyaa. Ikishasinyaa, sahani ileile ya wali iliyomtosha zamani sasa inazidi mahitaji yake.

Wa pili ni usingizi. Mtu akikesha anajigeuzageuza kwa maumivu, homoni ya njaa iitwayo ghrelini huelekea kupanda, na leptini, inayoleta shibe, hushuka. Ndiyo maana asubuhi hatamani papai, anatamani chapati mbili na soda. Ongeza msongo wa mawazo: chipsi mayai za saa nne usiku zinakuwa faraja ya haraka.

Wa tatu, ambao watu wengi hawauzungumzii, ni dawa. Prednisoloni huongeza hamu ya kula na kuufanya mwili uhifadhi maji. Amitriptilini, gabapentini na pregabalini, zinazotolewa kwa maumivu ya neva, nazo zinaweza kuongeza kilo. Hapa tahadhari: usiache dawa ghafla kwa sababu nguo zimebana! Ukitumia prednisoloni kwa muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya kortisoli. Kuikatisha kwa siku moja kunaweza kuhatarisha maisha. Daktari ndiye hupunguza dozi, kidogo kidogo. Na ile tabia ya kujinunulia vidonge dukani bila cheti, kisa vilimsaidia jirani, tuiache.

Tatizo ni kwamba uzito nao unarudi kuchochea maumivu. Utafiti kwa watu wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika ulionyesha kuwa kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Isitoshe, mafuta ya mwilini hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, hivyo hata vidole, ambavyo havibebi uzito, vinaweza kuathirika.

Sasa ukimwambia mtu wa namna hii "punguza mwili kwanza, maumivu yataisha", umemwachia kazi ambayo maumivu yenyewe yanamzuia kuifanya. Vyote viwili vinashughulikiwa pamoja. Aanze na kutembea dakika 5, mara tatu kwa siku, kisha aongeze taratibu. Siku akijisikia vizuri asifanye kazi za wiki nzima, maana kesho yake hatainuka kitandani. Kwenye chakula, kubadili soda kuwa maji na kuongeza maharage na mchicha kwenye sahani ni mwanzo mzuri kuliko kushinda njaa. Na akienda zahanati aulize waziwazi: "Daktari, dawa hii inaongeza uzito? Kuna nyingine badala yake?" Ni haki yake kujibiwa.

Sisi wengine kazi yetu ni ndogo. Tuache kumpima mwenzetu kwa macho kila akipita. Jioni mwambie, "Twende tukanyooshe miguu," halafu utembee kwa mwendo wake, si wako.