Helikopta mpya ya Ulaya: kuirusha si kazi, kazi ni kukubaliana

Juni 2022, Ufaransa, Ujerumani, Ugiriki, Italia, Uholanzi na Uingereza zilitia saini makubaliano, chini ya jumuiya ya kujihami ya NATO, ya kutafuta helikopta mpya ya kijeshi. Inatarajiwa kuanza kazi kati ya mwaka 2035 na 2040, zile za sasa zitakapokuwa zimezeeka.

Msikilizaji, kwanza tuelewe shida ya kasi. Helikopta ikienda mbele, panga la upande mmoja hukutana na upepo, la upande wa pili hukimbia pamoja nao. Mwendo ukizidi, upande huo wa pili hupoteza nguvu ya kuinua. Ndiyo maana helikopta nyingi hazizidi sana kilomita 300 kwa saa. NATO inataka mwendo wa kawaida usiopungua kilomita 330 hivi. Inawezekana: Aprili 2024 kampuni ya Airbus ilirusha Ufaransa helikopta ya majaribio iitwayo Racer, yenye mabawa mafupi na mapangaboi mawili ya kusukuma ubavuni. Imeshapita kilomita 400 kwa saa.

Wasiwasi wetu uko kwingine. Ulaya iliwahi kushirikiana hivi hivi kuunda NH90, mradi wa Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uholanzi. Kila mnunuzi alitaka ya kwake. Wanamaji walitaka ya kuwinda nyambizi, jeshi la nchi kavu likataka ya kubeba askari, Sweden ikataka dari lililoinuliwa. Ni kama trekta la ushirika ambalo kila mwanachama anadai matairi yake. Zikawa ndege nyingi tofauti zenye jina moja, na vipuri vikawa taabu.

Norway iliagiza 14 mwaka 2001. Ilihitaji zifanye kazi saa 3,900 angani kwa mwaka. Zikawa zinafikisha 700 hivi. Juni 2022, mwezi ule ule wa makubaliano mapya, Norway ilivunja mkataba na kudai fedha zake.

Julai 2024, Airbus, Leonardo ya Italia na Sikorsky ya Marekani zilipewa kazi ya kuchora mapendekezo. Safari hii NATO inataka vifaa vya ndani viwe vya kuchomoa na kuchomeka kulingana na kazi, mwili ukibaki mmoja. Sweden ya kesho itaridhika na dari la wengine?