Mdudu Kwanza, Mtandao Baadaye

Mvua za Oktoba hadi Desemba zikishika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, somo la athropoda hutoka lenyewe ardhini. Majongoo huvuka njia za shule, kumbikumbi huzonga taa za bweni, na vidudu vyekundu vilaini kama mahameli hutambaa juu ya udongo mbichi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma uainishaji wa viumbe ana maabara mlangoni pake. Mtandao unaweza kumfaa sana, mradi aufungue baada ya kutazama kwa macho yake.

Tuanze na neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu, buibui, nge, jongoo na kupe wote ni wadudu. Kwa mwanabiolojia, wote ni athropoda: wana miguu yenye viungo na gamba gumu la nje ambalo hulivua ili wakue. Mdudu hasa ni yule mwenye kichwa, kifua, tumbo na miguu sita. Buibui, nge na kupe wana miguu minane na hawana vipapasio. Vile vidudu vyekundu ni jamaa zao. Tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi. Kaa na kamba wa baharini wana kundi lao.

Mwanafunzi ahesabu, achore, ndipo aulize. Programu ya Seek hutambua viumbe kupitia kamera bila kufungua akaunti. iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, hupokea picha, tarehe na mahali, kisha watumiaji wengine hulipima jina lililopendekezwa. Picha hupigwa shambani bila intaneti na kupakiwa baadaye. Kwa hiyo, pale wanafunzi wasiporuhusiwa simu, simu moja ya mwalimu hulitosha darasa zima.

Programu hizi hukosea, kwa sababu zimefunzwa kwa picha, na picha za kwetu ni chache. Zinaweza kumpa jongoo wa Mutomo jina la jongoo wa bara jingine. Dawa yake ni swali moja: je, spishi hii imewahi kurekodiwa Afrika Mashariki? Ramani za GBIF, hifadhidata ya kimataifa iliyo wazi kwa wote, husaidia kujibu.

Hata kuhesabu miguu kuna mtego. Kupe anapoanguliwa huwa na miguu sita. Minane huipata baada ya kujivua gamba mara ya kwanza. Mwanafunzi aliyemwita kupe huyo mdudu amehesabu sawasawa, ila hakujua umri wa kiumbe wake. Kosa la namna hiyo lijadiliwe darasani, kwani linafundisha ukuaji na uainishaji kwa pamoja.

Mfano mwingine wa kosa lenye somo uko kwenye miembe ya Makueni. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutaga mayai chini ya ganda la embe, na mabuu huliozesha kutoka ndani. Mwaka 2005 aliitwa Bactrocera invadens. Mwaka 2015 wanasayansi walithibitisha kwamba ni Bactrocera dorsalis, spishi iliyojulikana tangu zamani. Mtandaoni majina yote mawili yapo. Mwanafunzi anayezoea kutazama mwaka wa maandishi ataelewa kwamba sayansi imejisahihisha, na atajua maelezo gani ya kumpelekea mzazi wake mwenye maembe.

Kuna tahadhari mbili. Nge na tandu wapigwe picha kwa mbali, wasishikwe. Na mahali halisi pa shule pafichwe kwa kutumia mpangilio wa faragha.

Rekodi za iNaturalist zilizothibitishwa na zenye leseni inayofaa hufikishwa GBIF. Jongoo aliyepigwa picha leo mjini Wote anaweza kuwa jibu atakalolikuta mwanafunzi wa Mwingi mvua zijazo.