Je, Wajua? Walaji Shaba wa Kambove

Je, wajua kwamba Wasanga wa pande za Kambove na Likasi, huko Katanga nchini Kongo, waliitwa walaji shaba? Kiangazi, mtama ukishavunwa, watu walihamia machimboni. Wanaume walichimba malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba. Wanawake na watoto walilichambua na kuliosha mtoni. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakawashwa, mivukuto ya ngozi ikavuma mpaka shaba ikatiririka, nyekundu kama kaa la moto. Waliimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha, hata ya mahari. Mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, iliyakuta mashimo yao tayari.