Uchungu wa Mwana

Mzazi amwuapo mtoto wake mwenye ulemavu, watu hugawanyika katika kumhukumu, na mara nyingi chanzo cha mgawanyiko huo ni maneno yenyewe. Mfano ulio wazi ni wa Kanada. Mwezi wa Oktoba 1993, katika jimbo la Saskatchewan, mkulima Robert Latimer alimwua binti yake Tracy, mwenye umri wa miaka 12. Tracy alikuwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kutembea wala kusema, na alikuwa akingojea kupasuliwa tena. Baba alidai kwamba alimwondolea maumivu.

Watu wengi walimwonea imani, wakaliita tendo lake mauaji ya huruma. Mwaka 1997 jaji alimpa adhabu isiyotimia miaka miwili. Vyama vya watu wenye ulemavu vilipinga vikali, kwa kuwa adhabu hiyo ilionyesha kana kwamba uhai wao una thamani ndogo. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Kanada ilithibitisha kifungo cha maisha, asiweze kuachiliwa kwa masharti kabla ya miaka 10. Mahakama hiyo ilikumbusha pia kwamba Tracy alipenda muziki, sarakasi na kuwa pamoja na jamaa zake.

Kiswahili chatusaidia kuona kosa lilipo. Methali yasema, “Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.” Hapa kiunganishi “wa” chaweza kuchukua maana mbili: uchungu auonao mzazi kwa ajili ya mwana, au uchungu auonao mwana mwenyewe. Methali yakusudia maana ya kwanza. Ni ushahidi wa mzazi juu ya moyo wake. Waliomtetea Latimer waliteleza hadi maana ya pili, wakamfanya baba kuwa msemaji wa maumivu ya mtoto asiyeweza kusema. Kadhalika kitenzi “hurumia” hakikosi yambwa, na katika mjadala huo yambwa ilibadilika: aliyehurumiwa kwanza alikuwa mtoto, kisha akawa baba.

Uchungu wa mzazi ni wa kweli, nao wastahili msaada wa jirani na wa serikali. Lakini mwenye kuujua uchungu wake hajapewa kwa hiyo haki ya kuamua juu ya uhai wa mwanawe.